James Joyce, mwandishi aliyeokota maneno ya njiani

Jina la James Joyce linajulikana juu ya kitabu kimoja kinene, Ulysses, ambacho watu wengi wamekianza na wachache wamekimaliza. Lakini miaka ishirini mbele ya kitabu hicho kutoka, kijana huyo wa Dublin, mji mkuu wa Ireland, alikuwa anatembea na karatasi mfukoni. Akisikia watu wawili wanaongea jambo dogo kwenye ngazi ya nyumba, anaandika. Akiamka na ndoto ya ajabu, anaandika. Mistari mitano, kumi, basi. Hakuna mwanzo, hakuna mwisho, hakuna maelezo. Vipande hivyo alivipa jina la kanisani: epifania.

Wakristo wanalijua neno hilo. Tarehe 6 mwezi wa kwanza Kanisa linakumbuka mamajusi waliofika kutoka mashariki, wakamkuta mtoto mchanga kwa watu wa kawaida, wakamtambua ni nani. Neno lenyewe ni la Kigiriki na maana yake ni kutokea, kujionyesha. Joyce alilitoa kanisani akalipeleka barabarani. Kwake yeye, hata saa ya ukutani inaweza siku moja kujionyesha. Neno la ovyo la mlevi linaweza kumfunua mtu mzima, na roho yake yote, kwa nukta moja, kisha giza linarudi. Kazi ya mwandishi ni kuwa macho wakati ile nukta inapita, aiandike vizuri, maana inapotea upesi.

Wazo ni rahisi. Bei yake ndiyo haikuwa rahisi, na sehemu kubwa ya bei hiyo ilitoka kwa watu wa nyumbani kwake, ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Nyumba iliyokuwa inashuka

James Joyce alizaliwa tarehe 2 mwezi wa pili 1882, katika kartie nzuri ya Dublin inayoitwa Rathgar. Alikuwa mkubwa wa watoto kumi waliobaki hai. Baba yake, John Joyce, alitoka mji wa Cork. Alikuwa amerithi nyumba huko, alikuwa na kazi ya serikali ya kukusanya kodi, alikuwa na sauti nzuri ya kuimba na hadithi zisizoisha. Alikuwa pia mlevi. Nyumba za Cork zilikwenda moja moja kulipa madeni. Kazi nayo ikaisha mwanzoni mwa miaka ya 1890, akabaki na pensheni kidogo na tumbo nyingi za kulisha.

Mtoto James alikuwa ameanza juu. Akiwa na miaka sita tu, alipelekwa kulala katika shule ya Clongowes Wood ya mapadri Wajezuiti, shule ya watoto wa wenye mali. Mwaka 1891 akatolewa, franga za shule hazikupatikana. Ndipo jamaa ikaanza kuhama, nyumba kwa nyumba, kila mara kartie mbaya kuliko ile ya kwanza, vyombo vinapelekwa rehani, wenye nyumba wanagonga mlango. Mwaka 1893 Wajezuiti wa shule ya Belvedere walikubali kumfundisha bila malipo, na hapo mtoto alionyesha akili yake. Alishinda zawadi za mitihani, zawadi za franga kabisa, naye akazitumia kwa muda mfupi kulisha jamaa vizuri na kuipeleka kwenye michezo ya kuigiza. Kisha franga zikaisha na njaa ikarudi palepale.

Mdogo wake Stanislaus hakuwahi kumsamehe baba yao. James alimpenda mpaka mwisho. Kuna sababu: sikio lake lilitoka kwa yule mzee. Namna wanaume wa Dublin wanavyoongea wakiwa wamekunywa, wanavyojisifu, wanavyoruka kutoka mzaha mpaka matusi, kisha mpaka machozi juu ya siasa, yote hayo kijana aliyapata nyumbani bila kulipa. Urithi mwingine haukuwepo.

Mwaka 1898 aliingia University College ya Dublin kusoma lugha. Akampenda sana Henrik Ibsen, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Norwei, mpaka akajifunza lugha yake. Mwaka 1900, akiwa na miaka 18 tu, gazeti kubwa la London lilichapa makala yake juu ya Ibsen, na yule mzee akatuma shukrani. Katika michezo ile watu hawapigani kwa mapanga. Wanakaa sebuleni, mmoja anasema neno, mwingine anafungua mlango, na maisha ya wote yamebadilika. Kijana wa Dublin aliona kwamba sebule za kwao zinatosha.

Saa na ngazi

Epifania zake aliziandika tangu mwaka 1900 hivi mpaka karibu na 1904. Zilikuwa za namna mbili. Za kwanza ni kama mchezo mdogo wa kuigiza: mahali, majina, maneno ya watu, mara nyingi ya kijinga, na nukta nyingi pale sauti inapokatika. Za pili ni ndoto au picha ya mahali, zilizoandikwa kwa lugha laini. Rafiki yake Oliver Gogarty alilalamika kwamba katikati ya maongezi Joyce angeweza kuomba ruhusa, atoke chumbani, na kila mtu ajue amekwenda kuandika jambo walilosema. Si kila rafiki anapenda mambo hayo.

Maelezo yake mwenyewe juu ya neno epifania aliyaweka katika riwaya ambayo hakuimaliza, Stephen Hero, iliyochapwa mwaka 1944, yeye akiwa ameshakufa. Humo kijana Stephen anapita jioni moja yenye ukungu kwenye barabara ya Eccles. Kwenye ngazi za nyumba ya matofali anasimama msichana, mbele yake kijana wa kiume. Stephen anasikia vipande tu vya maneno, nusu ya sauti ya msichana, nusu ya mvulana, kitu cha kuchezeana na kusitasita. Ukiyaweka kwenye mizani hayana uzito. Lakini Stephen yanamkaa moyoni kama mwiba, naye anapata wazo la kukusanya nyakati kama hizo katika kitabu kizima. Baadaye anamweleza rafiki yake kwamba hata saa ya jumba la Ballast Office, ambayo watu wote wa Dublin wanapita chini yake bila kuitazama, inaweza kuwa na epifania yake, siku jicho litakapoiona sawasawa. Rafiki anainua uso, anaitazama saa. Anaona saa.

Hapo ndipo Joyce anapendeza: anamwacha rafiki awe na haki yake. Kufunukiwa hakulazimishwi. Unaweza kusimama mahali palepale, dakika ileile, na mwenzako akaona kitu, wewe ukaona tu kwamba mmechelewa.

Mama mlangoni

Mwaka 1902 mdogo wake George, ambaye nyumbani walimwita Georgie, alishikwa na tifoide. Alikuwa na miaka 14. Ilionekana kama anapona, kisha utumbo ukatoboka na uchafu ukamwagika ndani ya tumbo. Jamaa nyingi zinaijua njia ya ugonjwa huo, hata leo, mahali maji ya bomba hayaaminiki.

Jioni moja, katika nyumba yao ya Glengariff Parade, James alikuwa kwenye piano sebuleni. Mama yake, May Joyce, akatokea mlangoni, uso mwekundu, anatetemeka. Akamwita. Akamuuliza kama anajua jambo lolote juu ya mwili wa mtu. Kuna kitu kinatoka kwenye tundu la tumbo la Georgie, je, amewahi kusikia jambo kama hilo, amwite munganga au hapana? James hakujua. Hakuelewa hata tundu gani. Na mama, kwa kukosa subira, akamjibu kwamba ni lile ambalo watu wote wanalo, akionyesha kitovu chake kwa mkono.

Ni hayo tu. Georgie alikufa. Na James akaandika epifania hiyo kama nyingine, mahali, majina, maneno ya mama, maneno yake, mkono unaoonyesha. Hakuongeza hata tone la chozi. Miaka michache baadaye aliitumia katika riwaya yake, akambadilisha mdogo wa kiume awe wa kike.

Mtu anaweza kusema huo ni ukatili, mwana kuokota hofu ya mama yake akaifanya karatasi. Lakini anayeisoma kwa utulivu anaona kwamba aliyefunuliwa pale ni kijana mwenyewe. Mama aliyezaa zaidi ya mara kumi, ambaye hakwenda chuo, anamwendea mtoto mwenye masomo makubwa, kwa imani kwamba masomo hayo lazima yana kazi. Kijana anajua Kilatini, Kiitalia, Kifaransa na Kinorwei. Hajui kama daktari aitwe. Angeweza kuficha hilo. Badala yake aliandika jina lake pembeni ya jibu lake, kwamba hajui.

Mwisho wa mwaka uleule alikwenda Paris kusoma udaktari. Alikaa miezi michache, bila franga na bila kufika popote katika masomo yale. Mwezi wa nne 1903 ikaja telegramu kwamba mama anakufa, arudi. Alirudi, na mama akateseka na kansa mpaka tarehe 13 mwezi wa nane. Alikuwa na miaka 44 tu. Katika siku hizo alitamani mtoto wake mkubwa arudi kwenye sakramenti, James akakataa. Saa ya mwisho, mama akiwa hajitambui tena, jamaa walipiga magoti kuomba. Mjomba mmoja akamwashiria James na Stanislaus wapige magoti nao. Wote wawili walibaki wamesimama. Hakutaka kumdanganya Mungu asiyemwamini, lakini jambo hilo lilimfuata. Kijana wa Ulysses, Stephen, anazunguka mjini siku nzima na mama mfu nyuma yake.

Kidonda cha Nora

Tarehe 16 mwezi wa sita 1904 Joyce alitembea kwa mara ya kwanza na Nora Barnacle, msichana wa Galway aliyefanya kazi ya vyumba katika hoteli ya Finn's. Miezi minne baadaye waliondoka Ireland pamoja bila ndoa, kwa mshangao wa kila mtu. Walifika Pola, kisha Trieste, bandari ambayo wakati ule ilikuwa ya dola la Austria na Hungaria. Joyce alifundisha Kiingereza, akakopa, akanywa kama baba yake, akakopa tena. Mtoto wa kwanza, wa mwaka 1905, wakampa jina Giorgio, kwa kumkumbuka yule mdogo aliyekufa. Lucia akazaliwa mwaka 1907. Stanislaus aliitwa kutoka Dublin awasaidie, na kweli mshahara wake ndio uliowalisha mara nyingi, naye hakuacha kulisema.

Miaka hiyo ndipo alipojua kazi ya vile vipande vyake. Epifania peke yake kwenye karatasi ni kama jiwe lililookotwa mtoni, likikauka linapoteza rangi. Lazima lirudishwe majini. Akaanza kuziweka ndani ya maisha ya watu, katika hadithi fupi 15 za kitabu Dubliners. Katika moja, Araby, mtoto wa kiume amempenda dada wa rafiki yake, anamwahidi zawadi kutoka sokoni. Mjomba anachelewa kurudi na franga. Mtoto anafika usiku, taa zinazimwa. Kwenye kibanda kimoja msichana muuzaji anachekeana na wanaume wawili, maneno matupu kabisa. Ni zile ngazi za barabara ya Eccles tena. Safari hii kuna mtoto anayesikiliza, na yale maneno matupu yanamwonyesha safari yake yote ilikuwa nini. Hasira na aibu vinamjaa machoni. Hanunui kitu.

Katika hadithi hizo kufunukiwa hakumwokoi mtu. Hilo wahubiri wengi hawalipendi, maana wao wanataka mtu aone nuru kisha aache pombe. Watu wa Joyce wanaona, na mara nyingi wamechelewa, au wanaona kisha wanashindwa kusogea. Eveline, binti aliyepanga kutoroka na baharia, anafika mpaka bandarini, meli inapiga honi, na mikono yake inabaki imeshika chuma.

Hadithi ya mwisho, The Dead, aliiandika mwaka 1907. Gabriel, mwalimu anayejiona amesoma, yuko kwenye karamu ya mashangazi zake wakati wa sikukuu za mwaka mpya. Wasomaji wengi wanadhani ni usiku wa Epifania wenyewe, ingawa Joyce hakuutaja. Wakati wa kuondoka anamwona mke wake amesimama kwenye ngazi, gizani, anasikiliza mtu anayeimba chumba cha juu. Anamtamani. Anafikiri ni usiku wao. Kule hoteli mke analia na kumweleza kwamba wimbo ule aliuimba kijana mmoja wa kwao Galway, mgonjwa, aliyesimama mvuani chini ya dirisha lake, kisha akafa akiwa na miaka 17. Mke anasinzia. Gabriel anabaki macho, anatazama theluji, anajiona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo mdogo karibu na yule maiti aliyependa kweli.

Kijana huyo alikuwepo. Nora alikuwa amempenda huko Galway kijana aliyeitwa Michael Bodkin, akafa mapema, na alimweleza Joyce mambo hayo. Joyce aliona wivu, wivu wa mtu ambaye mshindani wake yuko kaburini na hawezi kupigwa. Kisha akachukua kidonda cha mke wake akaandika nacho hadithi ambayo wengi wanaihesabu kuwa kati ya hadithi fupi bora kabisa za Kiingereza. Nora hakusoma sana vitabu vya mume wake. Inaeleweka.

Kitabu chenyewe kilipata taabu. Mchapaji wa London alikubali mwaka 1906, akaogopa, akakataa. Mwaka 1912 mchapaji wa Dublin alikuwa tayari amechapa, kisha karatasi zikaharibiwa kwa kuogopa kesi. Joyce aliondoka Ireland mwaka huo na hakurudi tena. Dubliners kilitoka mwaka 1914, na yule mchapaji wa kwanza wa London ndiye aliyekitoa mwishowe.

Jina la Congo ndani ya nganda

Vita vya 1914 vilimhamisha Joyce mpaka Zurich, Uswisi. Mwaka 1916 ikatoka riwaya ya ujana wake, A Portrait of the Artist as a Young Man. Kama si dada yake Eileen, isingekuwepo: mwaka 1911 Joyce kwa hasira alitupa hati motoni, dada akaiokoa. Humo neno epifania halimo tena. Kuna msichana tu aliyesimama kwenye maji ya bahari, kijana anamtazama, na anajua hatakuwa padri. Alikuwa ameelewa kwamba jambo lenyewe likiwepo, jina lake si la lazima. Katika Ulysses anamfanya hata Stephen ajicheke mwenyewe, akikumbuka ndoto yake ya zamani ya kutuma epifania zake katika maktaba kubwa zote za dunia, hata ile ya Alexandria.

Ulysses yote inapita siku moja, tarehe 16 mwezi wa sita 1904, ile siku ya Nora. Mtu wake mkubwa ni Leopold Bloom, mtafutaji wa matangazo ya gazeti, Myahudi wa Dublin, mume anayejua mke wake atakuwa na mwanaume mwingine alasiri hiyo. Anakaa barabara ya Eccles, namba 7. Jina Leopold, ambalo hapa Congo linachoma masikio, Joyce amelipa kwa mtu mpole anayelisha paka na kununua sabuni.

Na Congo yenyewe imo. Alasiri, ndani ya nganda ya Barney Kiernan, wanaume wanakunywa na kutukana dunia. Mmoja anataja ukatili wa Wabelgiji, watu wanaoteswa ili walete mpira, ile kauchu. Anatajwa aliyeandika ripoti, Casement, na mmoja wao anajivuna kwamba huyo ni mtu wa Ireland. Kisha maongezi yanaruka mahali pengine. Ni mistari michache tu.

Roger Casement alizaliwa mwaka 1864 huko Sandycove, kwenye pwani ileile ambako Ulysses inaanzia. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza, mwaka 1903 alipanda mto Congo, akasikiliza watu wa vijiji, akaandika juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyobaki vitupu. Ripoti yake ilitolewa mwanzoni mwa 1904, kwa hiyo wanywaji wa Joyce wana habari mbichi. Miaka michache baadaye Casement alieleza katika barua kwamba kule msituni Congo, alipomkuta Leopold, alijikuta pia yeye mwenyewe: akatambua kuwa ni mtu wa nchi iliyotawaliwa. Alifunukiwa hivyo, na hilo likampeleka mbali. Tarehe 3 mwezi wa nane 1916 Waingereza walimnyonga London juu ya vita vya uhuru wa Ireland. Joyce aliiandika sura ya nganda mwaka 1919. Yeye alijua, na wasomaji wake wa kwanza walijua. Wanywaji wa 1904 hawajui. Wanalitaja jina la mtu atakayenyongwa na kuomba chupa nyingine.

Sehemu za Ulysses zilipotoka katika gazeti moja la New York, wahariri wake wakashtakiwa na kupigwa faini mwaka 1921 kwa kuchapa mambo machafu. Sylvia Beach, mwanamke Mmarekani mwenye duka dogo la vitabu Paris, akakichapa kitabu kizima, na kikatoka tarehe 2 mwezi wa pili 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40. Marekani waliruhusu mwisho wa 1933 tu.

Lucia

Macho ya Joyce yalikuwa yanakufa. Alipasuliwa mara nyingi, akavaa kitambaa jichoni, akaandika kwa herufi kubwa na kalamu za rangi. Kwa miaka 17 alishughulika na kitabu cha mwisho, Finnegans Wake, kilichotoka 1939, ambacho kimejaa lugha nyingi zilizopondwa pamoja na kinaeleweka vizuri zaidi kikisomwa kwa sauti. Sikio lilikuwa limebaki kufanya kazi ya macho.

Wakati uleule binti yake Lucia, aliyekuwa mchezaji mzuri wa dansi, aliugua akili. Tangu 1932 ilikuwa hospitali baada ya hospitali, Ufaransa, Uswisi, Uingereza. Baba hakukubali. Maneno ya Lucia yaliyokatika na kuruka, ambayo madaktari waliyaona kuwa ugonjwa, yeye aliyasikia kama kipaji, kama epifania. Alikuwa amewasikiliza watu wa Dublin wote, lakini kwa mtoto wake sikio lilimdanganya, au upendo ndio uliomdanganya. Aliuliza daktari mmoja, akauliza mwingine, akauliza Carl Jung kule Zurich mwaka 1934, akatumia franga zote alizopewa na wafadhili. Alikuwa amefika pale mama yake aliposimama jioni ile, kwenye mlango, anauliza mtu mwenye masomo kama anajua jambo lolote.

Vita vilipoingia Ufaransa, Joyce alihangaika kupata ruhusa ya kumtoa Lucia, akashindwa. Mwezi wa kumi na mbili 1940 alifika Zurich na Nora, Giorgio na mjukuu, bila Lucia. Wiki chache tu. Kidonda cha tumbo kilitoboka, wakampasua, na tarehe 13 mwezi wa kwanza 1941 akafa, karibu na njia ileile ya Georgie. Alikuwa na miaka 58. Amezikwa katika makaburi ya Fluntern. Lucia aliishi hospitalini mpaka 1982.

Epifania zake, kwa namba alizoandika nyuma ya karatasi, zilifika angalau 71. Zimebaki 40, na baadhi ya hizo zipo kwa sababu Stanislaus, mdogo aliyelalamika maisha yote, alizinakili kwa mkono wake. Zinatunzwa Marekani, katika vyuo vikuu vya Buffalo na Cornell. Ile ya mama mlangoni ni mojawapo.